Kicheko, Dhambi na Jinai: Mitazamo ya Kikristo kuhusu Ushoga na Imani katika Filamu

Makala haya yanafafanua kwa nini Wakristo hutofautiana kuhusu filamu zinazokutanisha ushoga na imani. Hoja kuu ni kwamba mgogoro huzuka pale mambo mawili yanapochanganywa: kuikejeli imani, na kuukejeli unafiki wa waumini.

Kichekesho cha Kimarekani Saved! (2004), kilichoongozwa na Brian Dannelly, ni mfano bayana. Katika shule ya Kikristo, kijana aliye shoga anapelekwa kwenye kituo cha "kumponya", na msichana mcha Mungu anamrushia mwenzake Biblia huku akidai kuwa amejaa upendo. Mkristo mmoja huona hapo dhihaka dhidi ya wokovu; mwingine huona onyo ambalo Injili yenyewe iliwapa Mafarisayo. Tukio ni lilelile. Wanachotofautiana ni nani anayechekwa.

Afrika Mashariki ililikabili suala hilo bila kicheko. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu kuhusu mapenzi ya wasichana wawili jijini Nairobi, ilipigwa marufuku na Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya mwaka 2018 kwa madai ya kueneza usagaji. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7. Ndani yake, mhusika Kena anaombewa kanisani ili atolewe pepo. Hapo mtazamaji hubaki na swali la kichungaji: je, maombi hayo ni huruma au adhabu?

Huko Kiriri, Bujumbura, ilipo kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, swali hilo haliko mbali. Kiswahili huzivusha filamu mipaka, na upande huu hukutana na sheria: Kanuni ya Adhabu ya mwaka 2009 ilifanya mahusiano ya jinsia moja kuwa kosa. Januari 2023, Papa Francis alisema kuwa ushoga si jinai, huku akitambua mafundisho yanayoyahesabu matendo hayo kuwa dhambi. Katika nchi yenye Wakatoliki wengi, tofauti hiyo ina uzito.

Kwa hiyo, washauri wa sera watenganishe maswali matatu: je, filamu inakejeli imani? Je, inakiuka mafundisho? Je, inavunja sheria? Yakijibiwa kwa mkupuo mmoja, atakayehukumiwa si filamu, bali kijana anayejiona ndani yake.