Corvette: Gari Lililonusurika Kufa Utotoni

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini historia ya Corvette, gari mashuhuri la Marekani litengenezwalo na kampuni ya General Motors kwa jina la Chevrolet, yaonyesha kwamba kizuri nacho huweza kukosa mnunuzi. Gari hilo liliwapendeza watu tangu siku ya kwanza lilipoonekana; hata hivyo, nusura lifutwe kabla halijatimiza miaka 3.

Corvette ni gari la spoti, yaani gari dogo la watu wawili, lililo chini chini na lenye mwendo wa kasi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wengi wa Kimarekani walirudi kwao wakiwa wameonja raha ya magari ya namna hiyo yaliyoundwa Uingereza, kama vile MG na Jaguar. Viwanda vya kwao vilishughulika zaidi na magari ya familia, mapana na mazito. Harley Earl, mkuu wa idara iliyobuni maumbo ya magari ya General Motors, aliliona pengo hilo akaamua kuliziba.

Januari 1953 gari la mfano lilionyeshwa katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, na watu wakasongamana kulitazama. Jina lake lilitokana na aina ya manowari ndogo yenye mbio. Tarehe 30 Juni mwaka huo huo, gari la kwanza la kuuzwa likatoka kiwandani Flint, katika jimbo la Michigan. Mwaka ule yaliundwa magari 300 tu, mengi ya kazi yake ikifanywa kwa mikono, na yote yalikuwa meupe kwa nje na mekundu kwa ndani. Bodi yake haikuwa ya bati bali ya faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi maalumu. Kitu hicho ni chepesi, hakishiki kutu, wala hakikuhitaji mashine kubwa na za gharama za kukandamiza bati.

SURA NZURI, NGUVU HABA

Kasoro ilikuwa ndani. Injini ilikuwa ya silinda 6, yenye nguvu za farasi 150, nayo iliungwa na gea 2 zilizojibadilisha zenyewe. Wapenda mbio, waliozoea kubadili gea kwa mkono, waliliona kuwa gari la kujionyesha tu. Milango haikuwa na vishikio vya nje wala vioo vya kupandisha. Mvua ikinyesha, mwenye gari alipachika mapazia ya plastiki, na maji yakaweza kupenya. Bei yake ilikuwa dola 3,498, fedha nyingi kwa gari lisiloweza kumkinga mtu na mvua.

Matokeo yake yalikuwa mabaya. Mwaka 1954 yalitengenezwa magari 3,640 katika kiwanda cha St. Louis, Missouri, lakini mwaka ulipokwisha zaidi ya 1,000 yalikuwa hayajapata wanunuzi. Mwaka 1955 yakatengenezwa 700 tu. Wakubwa wa kampuni wakaanza kujiuliza kama haifai kulizika gari hilo mapema, kabla hasara haijazidi.

Mambo mawili yaliliokoa. La kwanza ni ushindani. Kampuni ya Ford ilitoa gari lake la watu wawili, Thunderbird, ikauza zaidi ya 16,000 katika mwaka wa 1955. General Motors isingeweza kuliondoa gari lake sokoni wakati huo bila ya kuonekana imeshindwa. Jambo la pili ni mtu mmoja, tena mgeni katika nchi ile.

MGENI ALIYEANDIKA BARUA

Zora Arkus-Duntov alizaliwa Brussels mwaka 1909, wazazi wake wakiwa Warusi wa Kiyahudi. Alisomea uhandisi Berlin, na wakati wa vita alikimbilia Marekani kuepa mateso ya Wanazi. Aliliona Corvette katika maonyesho ya New York mwaka 1953. Akavutiwa na umbo lake lakini akasikitishwa na injini yake. Akaandika barua kuomba kazi, na mwaka huo huo akaajiriwa na Chevrolet.

Tangu hapo hakunyamaza. Aliwaandikia wakubwa wake kwamba vijana wapendao mbio hawatavutwa na maneno bali na injini na vipuri vya kuaminika. Oktoba 1954, wakati hatari ilipokuwa kubwa kabisa, alitetea kwa maandishi kwamba gari hilo lisiuawe. Wakati huo mhandisi mkuu wa Chevrolet, Ed Cole, alikuwa amekwisha kusimamia uundaji wa injini mpya ya silinda 8. Injini hiyo ilipowekwa katika Corvette mwaka 1955 ilitoa nguvu za farasi 195, na gea za kubadili kwa mkono zikafuata. Mwanzoni mwa mwaka 1956 Duntov mwenyewe aliendesha Corvette katika ufuko wa Daytona, Florida, kwa mwendo uliozidi maili 150 kwa saa. Mwaka 1960 Corvette iliyoendeshwa na John Fitch na Bob Grossman ilishinda katika daraja lake kwenye mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.

Mwaka 1963 likatoka umbo jipya lililoitwa Sting Ray, ambalo magurudumu yake ya nyuma yaliweza kucheza kila moja peke yake. Kioo chake cha nyuma kiligawanywa na ukingo katikati. Bill Mitchell, aliyemrithi Earl, aliupenda ukingo huo. Duntov aliupinga, kwa kuwa ulimzuia dereva kuona nyuma. Mwaka 1964 ukaondolewa. Ajabu ni kwamba magari hayo ya mwaka 1963, ambayo wenyewe wengine waliyakata ukingo huo, leo ndiyo yatafutwayo sana na wakusanyaji wa magari ya zamani.

NDOTO ILIYOCHELEWA

Duntov alikuwa na nia nyingine kubwa zaidi: kuiondoa injini mbele na kuiweka nyuma ya kiti cha dereva. Uzito ukikaa karibu na magurudumu ya nyuma yanayosukuma gari, magurudumu hayo hushika barabara vizuri zaidi. Tangu mwaka 1960 aliunda magari ya majaribio ya namna hiyo, lakini kampuni ilikataa kuyatia sokoni. Gharama zilikuwa kubwa, na gari la injini ya mbele liliuzwa bila shida. Mwaka 1975 akastaafu bila ya kupata alichokitaka.

Miaka hiyo ilikuwa migumu. Sheria za kupunguza moshi na uhaba wa mafuta ulioanza mwaka 1973 vililidhoofisha gari. Mwaka 1975 injini yake ya kawaida ilihesabiwa kuwa na nguvu za farasi 165 tu, ijapokuwa njia ya kupima nayo ilikuwa imebadilika. Wanunuzi hawakuliacha, mwaka 1979 yalitengenezwa magari 53,807, idadi kubwa kuliko ya mwaka wowote uliotangulia. Mwaka 1981 kazi ikahamia Bowling Green, Kentucky, na tarehe 2 Julai 1992 likatoka hapo gari la milioni moja, jeupe kwa nje na jekundu kwa ndani kama yale ya kwanza.

Duntov alifariki mwaka 1996, na majivu yake yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Corvette mjini humo. Tarehe 12 Februari 2014 ardhi ilititia chini ya jumba hilo, na magari 8 yakatumbukia shimoni, likiwemo lile la milioni moja. Matatu yalitengenezwa upya, na hilo ni mojawapo. Matano yaliachwa yalivyo ili watu wayaone.

Julai 2019 kampuni ilionyesha Corvette ya kizazi cha 8. Injini yake, yenye nguvu za farasi 490, ilikuwa nyuma ya dereva. Ombi la Duntov lilikuwa limejibiwa baada ya miaka karibu 60, na mwombaji hakuwapo kuona.

Anayeliona gari hilo likipita leo huona rangi inayong'aa na husikia mngurumo wa injini. Haoni barua zilizoandikwa wala maombi yaliyokataliwa. Kwa chombo kilichopewa jina la manowari, methali ya watu wa pwani yafaa kabisa: usione vyaelea, vimeundwa.