Darubini za uwindaji: namba kubwa si faida kubwa
Mfanyabiashara anayeagiza darubini za kutuliza picha kwa ajili ya kampuni za uwindaji wa kitalii nchini Tanzania asivutwe na ukuzaji pekee. Alama 10x42 ina maana kwamba darubini hukuza mara 10 na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 42. Ukigawa 42 kwa 10 unapata milimita 4.2, yaani upana wa mwanga unaofika jichoni. Kwa 18x50 ni 2.8 tu, hivyo asubuhi na mapema au jioni picha hufifia. Kitulizaji, kinachotumia betri, hupunguza mtikisiko wa mkono, hakiongezi mwanga. Vichakani 10 hadi 12 yatosha. 15 na zaidi hufaa mbugani mchana. Anayejaza ghala kwa 18x50 huenda akafunga mtaji wake.