Tangazo la tovuti haliishi Jumapili: namna ya kuhariri kurasa zetu



Tangazo linalosomwa kanisani huisha siku ile ile. Likikosewa, mzee wa kanisa hulisahihisha hapo hapo. Lakini tangazo la tovuti hubaki. Hutumwa kutoka simu hadi simu, na anayelisoma miezi mitatu baadaye hajui kama habari ni ya leo au ya zamani.

Hilo tulijifunza kwa aibu. Mwaka 2023, kambi za Kanyaruchinya na Bulengo zilipokuwa zimejaa, tuliandika kwamba tutagawa unga "Jumamosi hii". Majuma kadhaa baadaye akina mama walifika kwa miguu, watoto mgongoni, wakituonyesha tangazo letu wenyewe kwenye simu. Unga ulikuwa umekwisha zamani. Kosa halikuwa lao, lilikuwa letu.

Ndiyo maana tulimwomba ndugu mmoja wa hapa Goma, ambaye kazi yake ni kutengeneza tovuti, awafundishe makatibu wa parokia. Tunawaandikia mafundisho yake ili nanyi ambao hamkufika mfaidike.

Tarehe na mahali. Usiandike "kesho" wala "juma lijalo". Andika siku, tarehe, mwaka, saa na mtaa. Sisi wa Goma tunajua uzito wa jambo hili. Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru watu wahame mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Siku kama ile, ujumbe wa "hameni leo" usio na tarehe wala majina ya mitaa humkimbiza asiyehusika na kumwacha anayehusika amelala.

Vichwa vidogo. Wengi wetu tulikuwa tunakoleza tu herufi au kuzikuza. Programu za kuandikia tovuti, kama WordPress, zina mahali pa kuonyesha kwamba mstari huu ni kichwa. Patumie. Ndugu asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, huruka kutoka kichwa hadi kichwa mpaka afikie habari anayoitaka. Herufi nene peke yake hazimsaidii.

Kunakili. Maandishi yanayotoka kwenye Word huweza kuja na mapambo yaliyofichika yanayovuruga ukurasa. Yabandike kama maandishi matupu, kisha uyapange upya humo humo.

Picha. Picha moja ya simu huweza kuwa na uzito wa mega nne au zaidi, na msomaji wetu hununua mega kwa fedha ya mboga. Ipunguze kabla ya kuipandisha: sehemu ndogo tu ya mega moja inatosha. Andika pia maneno machache ya kueleza kinachoonekana. Zaidi ya hayo, usiweke uso wa mtoto, wa mtu aliyekimbia vita, wala wa mama aliyebakwa, kwa sababu tu picha inagusa moyo. Mwenye uso aulizwe kwanza, aeleweshwe, na akikataa yaishe. Kumbuka kwamba simu huweza kuandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Kwa mtu anayetafutwa, hilo ni jambo la uhai wake.

Kusahihisha. Ukikosea, usifute kimya kimya. Rekebisha, kisha andika: "Imesahihishwa tarehe fulani", na useme ni nini kilichobadilika. Tangazo lililopita liandikwe juu kabisa: "Limepita". Anwani ya ukurasa usiibadilishe, maana viungo ambavyo watu wamekwisha kutumiana vitakufa.

Neno la siri. Kila mhariri awe na la kwake. Katibu akiacha kazi, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Tumekubaliana kwamba kila parokia ichague watu wawili: mmoja aandike, mwingine asome kabla habari haijatoka. Nabii Habakuki aliagizwa aandike waziwazi kwa faida ya msomaji. Luka naye aliyachunguza mambo kwa uangalifu kabla ya kumwandikia Theofilo. Kazi hii basi si ya mafundi peke yao. Ni sehemu ya kumpenda jirani, hata jirani ambaye hatutamwona.

Juma hili fungueni kurasa za parokia zenu. Tafuteni kila neno "kesho", na mahali pake wekeni tarehe.

Bwana awabariki.