Redio ya ridhaa garini (2): Kompyuta mpakato ipate wapi umeme?

Juma lililopita tulifunga antena ya mawimbi mafupi nyuma ya gari, tukaeleza kwa nini bodi lenyewe la gari ni sehemu ya antena. Leo tuingie ndani. Mwenye leseni ya TCRA na jina la hewani linaloanza na 5H anaweza kuzungumza kwa kipaza sauti peke yake, lakini atakosa mengi yanayopita angani siku hizi. Mtindo wa mawasiliano ya kidijitali wa FT8, uliotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1993, pamoja na Steve Franke, huokota ishara dhaifu kiasi kwamba sikio la binadamu halizitambui. Inayozitambua ni kompyuta, na kompyuta inahitaji umeme.

Tuseme umeegesha gari ng'ambo ya mji wa Magu, kwenye barabara ya kwenda Musoma, Ghuba ya Speke ikiwa kushoto kwako. Mahali kama hapo pana hazina ambayo mkazi wa katikati ya jiji la Mwanza hana: utulivu wa hewa. Mjini kila taa ya LED, kila chaja na kila king'amuzi hutoa uchafu wa umeme unaofunika ishara dhaifu. Huku nje ya mji, megahezi 14 huweza kuwa kimya kiasi cha kusikia Ulaya vizuri alasiri, ngurumo za mvua za ziwani zikitulia. Ndiyo maana naumia kuona mtu anasafiri mpaka huku, kisha anawasha inveta ya bei nafuu na kuleta kelele zilezile za mjini ndani ya gari lake.

Inveta hupandisha volti 12 za betri hadi 230 za mkondo geu. Kisha chaja ya kompyuta inazishusha tena hadi 19 au 20 za mkondo mnyoofu. Ni sawa na kumpeleka sato wa Magu sokoni Mwanza ili umnunue tena Magu. Inveta ikiwa na ufanisi wa asilimia 85 na chaja asilimia 88, robo ya umeme imekwenda kwenye joto. Na zile swichi za ndani zinazokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ndizo zinazonguruma redioni. Njia bora ni konveta inayopandisha 12 hadi 19 moja kwa moja, au, kwa kompyuta inayochajiwa kwa USB-C, chaja ya gari yenye uwezo wa kutoa volti 20. Nazo zina swichi, lakini hatua ni moja tu, na kelele yake hupungua ukizungushia waya pete za feraiti karibu na konveta.

Usiuchukue umeme huo kwenye tundu la kuwashia sigara kwa pamoja na redio. Redio ya wati 100 hunyonya takriban ampea 20 inaporusha. Waya wa milimita za mraba 1.5, mita tano kwenda na tano kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.12, zidisha kwa 20, umepoteza volti 2.4 njiani. Injini ikiwa imezimwa, betri ya volti 12.5 inafika kwenye redio ikiwa na 10 tu. Sauti inakwaruza, na konveta iliyochomekwa kwenye waya huohuo inaweza kujizima katikati ya ujumbe. Tumia waya wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye betri, weka fyuzi karibu kabisa na betri, na konveta ipate waya wake na fyuzi yake ya ampea 10. Fundi umeme yeyote wa magari ataifanya kazi hii, mradi umweleze kwamba fyuzi iwe upande wa betri, kwa sababu waya ukichubuka na kugusa bodi, kilicho kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi.

Malori kama Fuso mengi yana volti 24. Hapo tafuta konveta ya kushusha; kunyonya 12 kwenye betri moja kati ya mbili huziharibu zote.

Betri ya N70 ina ampea-saa 70. Kompyuta ikila ampea 4, na redio ikipunguzwa hadi wati 40 na kurusha nusu ya muda, jumla hukaribia ampea 10. Saa mbili bila injini zinatosha. Kipimo cha volti kikisoma 12.2 ukiwa unasikiliza tu, washa gari. Kabla ya kupiga stata chomoa konveta, maana volti huanguka ghafla kisha hurudi kwa kishindo.

Na usiisahau betri ya kompyuta yenyewe. Unapowinda ishara dhaifu, chomoa chaja kabisa. Sikiliza megahezi 14.074 kabla na baada: ukisikia hewa inasafika, mkosaji ni konveta. Mvumo ukisikika tu wakati chaja imechomekwa na waya wa sauti umeunganishwa redioni, tatizo ni njia mbili za ardhi, na dawa yake ni transfoma ndogo ya sauti kati ya vifaa hivyo viwili.

Juma lijalo: saa ya kompyuta, ambayo FT8 haivumilii ipishane hata kwa sekunde mbili, na jinsi ya kuirekebisha mahali pasipo intaneti.