Kigali: Neno 'take' kwenye hati za mizigo si 'kuchukua' tu

Rwanda ilijiunga rasmi na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Mwaka 2008 serikali yake iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa kama lugha ya kufundishia shuleni. Wafanyabiashara wengi wa Kigali waliosoma kabla ya hapo walisoma kwa Kifaransa, ilhali hati nyingi za mizigo inayopitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa huandikwa kwa Kiingereza.

Mara nyingi kinachowakwamisha si maneno magumu bali yale mepesi. Kitenzi 'take' kinafahamika kuwa ni kuchukua, au 'gufata' kwa Kinyarwanda. Lakini kikiambatana na neno jingine maana hubadilika, kama ilivyo kwa Kiswahili: anayekata tiketi au kukata rufaa hashiki kisu.

Misemo ifuatayo inahitaji uangalifu:

'Take out insurance' ni kukata bima, wala si kuiondoa. Bei ikiwa ya CFR Dar es Salaam, muuzaji amelipia meli hadi bandarini lakini halazimiki kukata bima. Mnunuzi asiyeelewa ujumbe huo anaweza kusafirisha mzigo usio na bima, na ukipotea hasara ni yake.

'Taken in charge' maana yake msafirishaji ameupokea mzigo na dhamana imeanza kuwa mikononi mwake. Waliosoma Kifaransa wataukumbuka msemo wao 'prendre en charge'. Msafirishaji ahesabu na kukagua mzigo kabla ya kutia saini, na kasoro yoyote aiandike kwenye hati hiyo hiyo.

'Take delivery' ni mwenye mzigo kuupokea mwisho wa safari. Akichelewa, gharama za kuhifadhi mzigo na za kushikilia kontena zinaweza kuongezeka siku hadi siku.

'Take off 5 percent' ni kupunguza bei kwa asilimia 5, si kupakua sehemu ya mzigo.

'Take up the matter' ni kulifuatilia suala, kwa mfano dai la mzigo ulioharibika. Ahadi hiyo si sawa na kukubali kulipa.

Njia ya usalama ni kuusoma msemo wote pamoja badala ya kutafsiri neno moja moja, na kumuuliza wakala wa forodha kabla ya kutia saini. Saini ikishawekwa, kusema hukuelewa lugha ni utetezi dhaifu.