Je, Wajua? Kahawa na Kiungulia

Je, wajua kwamba asidi ya tumboni ina ukali unaozidi ule wa kahawa nyeusi kwa takriban mara 1,000? Katika kipimo cha pH, namba ikishuka ukali hupanda. Kahawa husimama karibu na 5, tumbo hufika 2 au chini zaidi. Hata juisi ya machungwa ni kali kuliko kahawa.

Basi kiungulia hutoka wapi? Pale umio unapoungana na tumbo pana msuli wa duara unaofunguka kupitisha chakula, kisha hujifunga. Ukilegea wakati usio wake, asidi hupanda. Tumbo limekingwa kwa ute mzito. Umio hauna kinga kama hiyo, ndiyo maana kifua kinawaka.

Je, wajua kwamba kuondoa kafeini hakumalizi jambo? Mwaka 1975 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa kahawa iliyoondolewa kafeini bado huchochea tumbo kutoa asidi, tena kuliko kafeini ikinywewa peke yake. Kumbe ndani ya buni mna vitu vingine vinavyolishtua tumbo.

Na je, wajua kuwa tafiti kubwa hazijakubaliana? Nchini Japani, watu wazima 8,013 walichunguzwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuona uhusiano wowote kati ya kahawa na asidi kupanda. Nchini Marekani, utafiti uliofuatilia manesi wanawake wapatao 48,000 uliona kinyume: waliokunywa zaidi ya vikombe sita kwa siku walipata dalili kwa karibu theluthi moja zaidi ya wasiokunywa kabisa. Chai na soda nazo zilionekana hivyohivyo, kwa hiyo anayeikimbia kahawa akaangukia kwenye soda hajaokoka. Kilichosaidia ni kubadilisha vikombe viwili vya siku kwa maji. Kwa maoni yangu, kahawa si mzizi wa tatizo, lakini kwa baadhi ya watu huchokoza tatizo lililopo tayari. Mwili wako ndio shahidi bora: iache wiki mbili, irudie, linganisha.

Kipimo nacho kina neno. Vijikombe vitatu vya kahawa chungu ya barazani huenda visijaze kikombe kimoja kikubwa cha nyumbani. Aina ya buni pia: robusta, inayolimwa sana Kagera na Uganda, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro.

Vidonda vya tumbo? Hivyo ni habari nyingine. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ugunduzi uliowapa Barry Marshall na Robin Warren Tuzo ya Nobel mwaka 2005, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini zinazomezwa kiholela.

Je, wajua kwamba kulalia ubavu wa kushoto hupunguza asidi kupanda usiku? Kula saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kuinua kichwani mwa kitanda kwa vipande vya mbao chini ya miguu yake, husaidia pia.

Sasa lile ninalotamani lisemwe kila kijiweni. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Papo hapo likatangaza kuwa kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za selsiasi huenda kinasababisha saratani ya umio. Jambo hili linatuhusu sana, kwa kuwa ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una saratani hiyo kwa wingi usio wa kawaida, na kwetu chai au kahawa isiyounguza ulimi huitwa imepoa. Ipe dakika chache ndipo unywe. Na chakula kikianza kukwama kifuani, ukakonda bila sababu, ukatapika damu au ukapata choo cheusi kama lami, usiendelee kununua vidonge vya kiungulia dukani. Nenda hospitali, uombe kuchunguzwa umio.