Meno Yaliyopandwa Kwenye Taya: Je, Yanadumu?

Mwezi huu tuzungumze juu ya meno. Si ya watoto safari hii, bali ya wazee wetu waliobaki na fizi tupu. Tumesukumwa na jambo lililotupata wodini.

Bibi mmoja aliyepita umri wa miaka 70 aliletwa kwetu akiwa amevunjika nyonga, na ilikuwa lazima apasuliwe. Kama ilivyo desturi, kabla ya mgonjwa kupelekwa chumba cha upasuaji sisi wauguzi humvua pete, hereni na meno ya bandia, maana meno yakichomoka mgonjwa akiwa amelala kwa dawa yanaweza kumziba pumzi. Mwenzetu kijana akamwomba Bibi afungue kinywa, akashika meno ya chini, akavuta. Hayakutoka. Akavuta tena. Bibi akamshika mkono, akamwambia, "Mjukuu wangu, hayo yamefungwa kwa skrubu. Utaning'oa taya." Tulicheka, naye akacheka, ingawa tuliona haya kwamba hatukumwuliza kwanza.

Lakini tulipomulika kinywa kwa tochi kicheko kiliisha. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, na tulipobonyeza kidogo usaha ulitoka. "Hayaniumi," alisema Bibi. Meno hayo aliwekewa Ujerumani yapata miaka 15 nyuma, alipokuwa akikaa kwa binti yake. Tangu arudi kijijini hakuna mtu aliyeyatazama.

Tuanze na mzee asiye na meno kabisa. Tiba iliyozoeleka ni meno ya bandia ya kuvaa na kuvua. Ya juu kwa kawaida hushika vizuri, kwa kuwa hunata kwenye kaakaa. Ya chini ndiyo yanayowatesa watu: yanaelea, yanachubua, yanaruka mtu akicheka. Tena hali huzidi kuwa mbaya, kwa sababu mfupa wa taya usio na mizizi ya meno husinyaa mwaka hata mwaka. Mwaka 1972 mtafiti Antje Tallgren alichapisha habari za watu waliovaa meno ya bandia kwa miaka 25, na akaonyesha kwamba taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko la juu. Ndiyo maana meno yaliyomkaa babu vizuri alipopewa humlegea baadaye, naye huishia kuyaweka kabatini na kula uji na ndizi za kuponda. Tumewaona wazee wa namna hiyo wakikonda, na wengine wakikataa kula mbele ya wageni.

Meno ya kupandwa yalianza kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 daktari wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura. Alitumia kifaa kidogo cha madini ya titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma: mfupa ulikuwa umekishika kama mti unavyoshika msumari wa zamani. Mwaka 1965, mjini Göteborg, aliweka mizizi 4 ya titani katika taya la chini la mtu mmoja asiyekuwa na meno pale. Mtu yule aliitumia kwa miaka 40 na zaidi, hadi alipofariki mwaka 2006. Brånemark mwenyewe alifariki mwaka 2014.

Wataalamu huita mizizi hiyo vipandikizi (si vile vya mkononi mnavyovisikia kliniki). Daktari hutoboa mfupa, hukaza mzizi, na kwa njia ya zamani husubiri miezi 3 hadi 6 mfupa ushike ndipo meno yafungwe juu. Siku hizi wapo wanaofunga meno ya muda siku ileile, kama mfupa ni mzuri.

Je, yanadumu? Mwaka 1981 wenzake Brånemark walitoa taarifa ya miaka 15 ya kazi yao: wagonjwa 371 waliokosa meno yote katika taya moja au yote mawili, mizizi 2,768. Baada ya miaka 5 hadi 9, katika kila mizizi 100 ya taya la chini, 91 ilikuwa imara. Ya taya la juu ni 81. Taya la juu lina mfupa mwororo zaidi, ndiyo sababu. Mfupa unaozunguka mzizi ulipungua milimita 1.5 hivi hadi mwisho wa mwaka wa kwanza, kisha milimita 0.1 tu kwa mwaka. Mizizi mingi iliyoshindwa ilishindwa mapema. Ule uliovuka mwaka wa kwanza ukiwa imara kwa kawaida huendelea, na tangu wakati huo njia zimeboreshwa.

Hata hivyo, sisi wauguzi tungependa familia zielewe jambo moja ambalo matangazo ya zahanati za meno hayalisemi kwa sauti. Mzizi kubaki mfupani ni jambo moja, na kinywa kukaa bila matatizo ni jambo jingine. Meno yenyewe ya juu huchakaa, huvunjika, skrubu hulegea. Yule aliyewekewa mizizi 2 tu ili meno ya kuvaa yabane kama kifungo cha shati, vipira vya kubania huisha nguvu na lazima vibadilishwe mara kwa mara. (Njia hiyo ya mizizi 2 tusiidharau. Wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, mwaka 2002 walikubaliana kuwa iwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno, na gharama yake ni ndogo kuliko meno ya kufunga moja kwa moja.)

Ugonjwa mkubwa ni ule tuliouona kwa Bibi. Titani haiozi wala haitobolewi na wadudu wa meno, lakini ufizi na mfupa vinavyoizunguka ni vya mwanadamu. Uchafu ukikaa pale, ufizi huvimba, kisha mfupa huliwa taratibu kuzunguka mzizi. Mara nyingi hakuna maumivu, na mtu hugundua jino likianza kucheza. Walio katika hatari zaidi ni wavuta sigara, wenye kisukari kisichotulizwa, na wale waliopoteza meno yao ya asili kwa ugonjwa wa fizi, kwa sababu tabia ya kinywa ni ileile. Aliyechomwa mionzi ya saratani kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, amweleze daktari kabla hajatobolewa.

Bibi alikuwa na kisukari, na vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Hakuweza tena kushika mswaki ipasavyo, seuze kuupitisha chini ya meno. Kule Ujerumani binti yake alimpeleka kusafishwa mara 2 kwa mwaka. Hapa kila mtu alidhani meno ya chuma hayahitaji kitu.

Basi, kama watoto wenu walio mbali wanataka kuwalipia meno haya, au mnafikiri kuuza ng'ombe ili mama apate kutafuna nyama, ulizeni kwanza nani atakayeyatunza baada ya miaka 10. Katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi wapo madaktari wanaoyaweka. Nauli za kurudi huko kila mwaka zihesabiwe pamoja na bei. Kwa mzee ambaye mikono yake imeanza kutetemeka, huenda meno ya kuvaa yanayobanwa na mizizi 2 yakamfaa kuliko ya kufunga, kwani huvuliwa na mtu mwingine akayaosha.

Na ile kadi ya vipandikizi itunzwe! Kila kiwanda kina skrubu zake. Daktari wa meno aliyemwona Bibi mjini hakuweza kuyafungua hadi apate bisibisi inayofaa, na kadi ilikuwa Ujerumani katika mkoba wa binti. Zilipita wiki 3.

Alipoyafungua alikuta mizizi 2 kati ya 6 imelegea kabisa, akaitoa. Iliyobaki 4 akaisafisha, akayarudisha meno yaleyale juu yake baada ya kuyarekebisha. Nyonga imepona, Bibi anatembea kwa mkongojo. Mkwewe tumemfundisha kutumia kijiburashi chembamba cha kupita kati ya mizizi, kila jioni, na kupima sukari. Katika daftari letu la wodi tumeongeza swali moja kabla ya upasuaji: "Meno yako yanatoka?"